Sheria Tuliyoachiwa Mwaka 1961: Historia ya Kujiua na Ukimya Wetu



Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili alikuja ofisini kuomba aongezewe muda wa kuwasilisha kazi. Alisimama mlangoni, hakuketi. Nilipomwuliza sababu, alisema ana mawazo. Nikamjibu kwamba sote tuna mawazo, na kwamba tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye mwongozo wa somo. Siku kumi na mbili baadaye nilipigiwa simu nikaelezwa kwamba kijana huyo amelazwa baada ya kujaribu kujiua.

Alipona. Ameshahitimu, anafanya kazi, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniruhusu kuandika haya. Sitaki kujitetea kuhusu jibu nililompa mlangoni. Lakini liko jambo jingine lililotokea hospitalini ambalo, kama mtu wa historia, sijaacha kulifikiria. Baba yake mdogo aliwasihi wahudumu waandike kwamba kijana alipata ajali. Hakuwa na nia mbaya. Alijua kwamba neno moja kwenye cheti lingeweza kumwita polisi, polisi akafungua jalada, na jalada likamfuata kijana maisha yake yote. Ikaandikwa ajali. Nami, ninayewafundisha wengine kuzisoma nyaraka za kale kwa tahadhari, nilisimama pale nikishuhudia waraka wa uongo ukizaliwa kwa sababu ya huruma.

Makala haya yanajaribu kueleza waraka ule ulitoka wapi, na umetugharimu nini.

Kabla ya kifungu cha sheria

Tusianze kwa kujidanganya kwamba wazee wetu walilitazama jambo hili kwa upole. Mwaka 1960 mwanaanthropolojia Paul Bohannan alihariri kitabu kiitwacho African Homicide and Suicide, chenye sura kuhusu jamii mbalimbali za Afrika, zikiwamo za Wagisu, Wasoga na Wanyoro wa Uganda, na Waluhya na Wajaluo wa magharibi mwa Kenya. Picha inayojirudia humo ni ya hofu. Kifo cha mtu aliyejiua kilihesabiwa kuwa najisi inayoweza kuuandama ukoo. Mti ungekatwa, nyumba ingetakaswa au kubomolewa, mnyama angechinjwa, na maziko yangefanywa bila heshima za kawaida.

Hata hivyo, matambiko hayo yalishughulika na walio hai. Lengo lake lilikuwa kuulinda ukoo na kuurudisha katika utulivu. Hapakuwa na gereza la kumpeleka aliyenusurika.

Dini mbili kubwa zilizoenea kwetu nazo zilikataza kujiua, na zinaendelea kukataza. Lakini historia zake si nyepesi kama tunavyozihadithia mitaani. Katika Uislamu, wanazuoni walio wengi wameshikilia kwamba aliyejiua huoshwa, huvikwa sanda na kuswaliwa na jamaa zake Waislamu, ingawa imepokewa kwamba Mtume mwenyewe hakumswalia mtu wa namna hiyo. Katika Kanisa Katoliki, Sheria za Kanisa za mwaka 1917 ziliwanyima maziko ya kikanisa waliojiua kwa kukusudia. Zile za mwaka 1983 zililiondoa katazo hilo, na Katekisimu ya mwaka 1992 ikatamka kwamba maradhi mazito ya nafsi, uchungu au hofu kuu vinaweza kupunguza dhamana ya mtu aliyefanya hivyo. Dini, kwa maneno mengine, imeendelea kulitafakari suala hili bila kulegeza katazo lake. Sheria yetu ya jinai ndiyo iliyogoma kutafakari.

Safari ya kifungu kimoja

Kosa la kujaribu kujiua halikuzaliwa Dodoma wala Nairobi. Lilizaliwa Uingereza, ambako aliyejiua alihesabiwa kuwa amemwibia Mfalme raia wake. Mali yake ilitaifishwa hadi mwaka 1870. Maiti yake iliweza kuzikwa njia panda ikiwa imechomwa mambo, desturi iliyokomeshwa kwa sheria ya mwaka 1823. Na hadi mwaka 1882 sheria bado iliagiza azikwe usiku.

Kutoka huko kosa lilisafiri hadi India, likaandikwa kuwa kifungu cha 309 cha Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1860. Waingereza walipoitwaa Afrika Mashariki hawakujisumbua kutunga upya. Walileta sheria za India zikiwa zimeshapigwa chapa. Ndivyo kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya Bombay na Calcutta ilivyokuja kuwahukumu watu wa Mombasa na, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, watu wa Tanganyika. Mwaka 1930 kanuni hiyo iliondolewa, ikaletwa nyingine iliyotokana na ile ya Queensland, Australia, kwa kupitia Nigeria. Kosa la kujaribu kujiua likahama nayo. Kenya likawa kifungu cha 226, Tanganyika kifungu cha 217. Maneno ni machache mno: anayejaribu kujiua ana hatia ya kosa dogo. Adhabu yake ya jumla ni kifungo cha hadi miaka miwili.

Wajerumani waliotutawala kabla ya Waingereza hawakuwa na kosa hilo katika kanuni yao ya jinai ya mwaka 1871. Sheria ya jinai ya Wabelgiji, waliowatawala majirani zetu wa magharibi, haikuwa nalo pia. Anayesema kwamba kifungu hiki ni maadili yetu ya Kiafrika angefanya vyema kuitazama ramani. Kwa sehemu kubwa, katika Afrika, mpaka wa kosa hili ulifuata mpaka wa bendera ya Uingereza.

Kisha likaja tukio ambalo kila ninapolifundisha darasa hunyamaza. Tarehe 3 Agosti 1961 Uingereza ililifuta kosa hilo katika sheria zake. Tarehe 9 Desemba mwaka huohuo Tanganyika ilipata uhuru. Miezi minne ilitenganisha matukio hayo mawili. Waliotuletea sheria walishaitupa kwao kabla hawajafunga mizigo, nasi tukaipokea pamoja na majengo na mafaili, tukaitunza.

Sisemi kwamba viongozi wetu wa wakati ule walikuwa na uzembe wa pekee. Nchi ilikuwa na madaktari wachache, walimu wachache na wanasheria wachache zaidi. Lakini uhaba wa mwaka 1961 hauwezi kuwa kisingizio cha leo.

Daktari aliyehesabu asichokiona

Sheria ilifanya kazi yake ya kunyamazisha. Pembeni yake ikasimama sayansi iliyouchukua ukimya huo kuwa ushahidi.

Hospitali ya Mathari mjini Nairobi ilianzishwa mwaka 1910. Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari Mwingereza, J. C. Carothers, ambaye alikabidhiwa kazi hiyo kabla ya kupata mafunzo ya tiba ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Humo aliulinganisha ubongo wa Mwafrika na ule wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo kwa upasuaji, na akashikilia kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika kwa kuwa hawana uwajibikaji wa ndani unaozaa hatia na huzuni. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilichapisha maelezo yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau, yaliyoufanya mgogoro wa ardhi na utawala uonekane kuwa mtikisiko wa akili za watu waliokosa mizizi.

Kosa lake la kitaaluma ni jepesi kulieleza. Aliwahesabu waliofikishwa Mathari, na waliofikishwa Mathari walikuwa wale waliovuruga amani: waliopiga kelele sokoni, waliochoma vibanda, waliomshambulia mnyapara. Mwanamke aliyekaa kimya jikoni kwake miezi sita bila kula sawasawa hakuwa kero kwa mkuu wa wilaya. Hakuna askari aliyetumwa kumkamata. Kwa hiyo hakuwamo kwenye daftari, na kwa kuwa hakuwamo kwenye daftari, daktari alihitimisha kwamba hayupo.

Fundisho hilo lilidumu miaka mingi. Lilipokuja kupimwa vijijini lilianguka. John Orley na J. K. Wing walichapisha mwaka 1979 utafiti uliolinganisha wanawake wa vijiji vya Uganda na wanawake wa eneo la Camberwell, London. Sonona ilikuwa nyingi zaidi Uganda. Mapema zaidi, mwishoni mwa miaka ya 1960, daktari Raymond Prince alikuwa ameona kwamba ripoti za kabla ya enzi ya uhuru zilisema Waafrika hawana sonona, na za baada yake zikasema wanayo tele. Akahoji kama ni ugonjwa uliobadilika au ni macho ya waganga. Swali hilo bado ni zuri kwa kila anayeshika takwimu zetu.

Kutoka Lutindi hadi Hombolo

Upande wa Tanzania, wagonjwa wa akili walitunzwa Lutindi katika milima ya Usambara, kituo cha wamisionari wa Kijerumani kilichoanza kazi hiyo mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1927 ikafunguliwa hospitali ya Mirembe mjini Dodoma. Jina Mirembe liligeuka mzaha wa nchi nzima. Hadi leo mtu akitoa hoja isiyoeleweka huambiwa apelekwe Mirembe, na wote hucheka. Mzaha huo una bei. Anayehisi akili yake inaelemewa huusikia pia, akajifunza kuficha.

Lakini kipo kipande cha historia yetu tunachopaswa kujivunia, nacho tumekisahau. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika hali ya hewa ya Azimio la Arusha, Tanzania ilianza vijiji vya kilimo kwa ajili ya wagonjwa wa akili, kimojawapo kikiwa Hombolo, nje ya mji wa Dodoma. Mgonjwa aliyetulia hakuachwa aozee wodini. Alilima, alifuga, aliishi miongoni mwa watu. Mnigeria Thomas Lambo alikuwa ametangulia na wazo la aina hiyo mwaka 1954 huko Aro, Abeokuta, ambako wagonjwa walikaa na jamaa zao katika vijiji vinavyoizunguka hospitali. Katika miaka ya 1980 ukafuata mpango uliofadhiliwa na Denmark kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, ulioanzia mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, wenye lengo la kuipeleka huduma ya afya ya akili kwenye zahanati za kawaida.

Kwa hiyo wazo la kwamba tiba ya akili ikae karibu na watu si geni kwetu, wala halikuja na wafadhili wa juzi. Tulikuwa nalo likafifia. Na hata lilipokuwa na nguvu, kifungu cha 217 kilikuwa palepale, kikimwambia mwenye hali mbaya kuliko wote kwamba asiseme.

Tafiti zilizoanza kwa kusikiliza

Miradi iliyofanikiwa katika bara letu ina tabia moja inayonivutia: ilianza kwa kuuliza watu wana neno gani.

Wilayani Masaka na Rakai, kusini magharibi mwa Uganda, ambako UKIMWI ulikuwa umefagia kaya nzima, watafiti wakiongozwa na Paul Bolton waliwauliza wanavijiji maradhi ya moyo yanayowasumbua yanaitwaje. Wakapewa maneno mawili ya Kiganda, moja likimaanisha kujichukia na jingine kujihurumia, na wakagundua kwamba yote mawili yanakaribiana sana na kile ambacho hospitali huita sonona. Mwaka 2002 vijiji 30 vilishirikishwa. Katika vijiji 15, wenyeji waliopewa mafunzo ya wiki mbili waliongoza vikundi vilivyokutana kila wiki kwa wiki 16, wanawake peke yao na wanaume peke yao. Mwishoni, katika vijiji vyenye vikundi waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5; katika vijiji visivyo na vikundi walikuwa asilimia 54.7. Walioongoza hawakuwa madaktari.

Zimbabwe nako, baada ya serikali kubomoa makazi ya maskini mijini mwaka 2005, daktari Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake mmoja, binti aliyejiua baada ya kukosa nauli ya kurudi hospitalini. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare, Harare, hakupewa wauguzi wala chumba. Alipewa wanawake wazee 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa kujitolea, na mabenchi nje ya kliniki. Mwanzoni liliitwa benchi la afya ya akili. Akina bibi walimwambia kwamba kwa jina hilo hakuna atakayekaa. Likawa benchi la urafiki. Wakakataa pia kuzungumzia sonona. Wakatumia neno la Kishona kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliofanywa katika kliniki 24 za Harare kwa watu 573, ukachapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita wenye sonona walikuwa karibu asilimia 14 miongoni mwa waliokaa kwenye benchi, na karibu asilimia 50 miongoni mwa waliopewa huduma ya kawaida. Wazo hilo limeshafika Malawi, na limefika Zanzibar.

Kuwaza kupita kiasi. Kijana wangu aliposema ana mawazo, alikuwa ametumia neno lilelile ambalo bibi wa Mbare angelitambua papo hapo. Mwenye shahada ya uzamivu hakulitambua.

Nisije nikaeleweka kwamba kila mradi wa kijamii unafaa. Sri Lanka ina somo la upande wa pili. Vifo vya kujiua huko vilipanda kutoka miaka ya 1950 hadi kufikia 47 kwa kila watu 100,000 mwaka 1995, vingi vikitokana na sumu za mashambani. Serikali ikapiga marufuku sumu kali zaidi, hatua kwa hatua, kuanzia miaka ya 1980; kufikia mwaka 2005 kiwango kilikuwa kimeshuka kwa nusu, na kikaendelea kushuka. Baadaye wakajaribu njia ya kijamii: masanduku yenye kufuli yaligawiwa katika kaya za vijijini ili wakulima wafungie sumu zao. Utafiti mkubwa wa vijiji 180, uliochapishwa mwaka 2017, haukuona kwamba masanduku yalipunguza chochote. Yapo mambo ambayo jirani mwema anaweza kuyafanya, na yapo mengine ambayo ni serikali peke yake inayoweza kuyafanya kwa kalamu.

Nairobi imekwishasema

Kalamu hiyo ndiyo inayotakiwa kwetu. Ghana ililifuta kosa hili mwaka 2023. India, iliyotusafirishia kifungu, ilikiondoa katika kanuni yake mpya iliyoanza kutumika Julai 2024, ikibakiza tu hali ya mtu anayejaribu kujiua ili kumshinikiza mtumishi wa umma. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Kenya alitamka kwamba kifungu cha 226 kinakwenda kinyume na Katiba ya mwaka 2010: kinabagua kwa misingi ya afya, kinadhalilisha utu, na kinazuia haki ya kupata tiba.

Wapo wanaosema kwamba tukikifuta kifungu cha 217 tutakuwa tumehalalisha kujiua. Hoja hiyo naiheshimu kwa kuwa hutolewa na watu wanaothamini uhai. Lakini tuipime. Mtu aliyefikia kukata tamaa ya kuishi hawezi kutishwa na miaka miwili jela. Sheria haimfikii aliyekufa. Humfikia aliyenusurika peke yake, saa ileile anapohitaji daktari. Kumsaidia au kumshawishi mwingine ajiue kunaweza kubaki kosa, kama kulivyobaki Uingereza. Na katazo la dini litabaki pale lilipo, kwenye mimbari na moyoni.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hujiua kila mwaka duniani, karibu robo tatu yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Sehemu ya nchi yetu katika hesabu hiyo inajengwa na vyeti kama kile nilichokishuhudia. Kila "ajali" iliyoandikwa kwa huruma inamnyima mtafiti namba, inamnyima waziri hoja ya bajeti, na inamwachia Carothers ushindi kaburini mwake. Hatuwezi kuomba fedha za kuzuia jambo ambalo sheria inatulazimisha kulikana.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Wabunge wetu waupokee muswada wa kukifuta kifungu hiki, au mahakama zetu zipelekewe shauri. Wizara ihesabu upya na kuzihuisha zahanati zenye mhudumu aliyefunzwa kusikiliza, kwa kufuata njia tuliyoianza wenyewe Morogoro na Kilimanjaro. Na vyuo vikuu, kikiwamo changu, viache kuuona ushauri nasaha kuwa chumba kimoja mwisho wa ujia chenye kufuli saa nane mchana.

La nne halihitaji Bunge. Mtu akikuambia ana mawazo, mpe kiti. Mwulize anawaza nini, na usiogope kumwuliza kama amefikia kuwaza kufa. Swali hilo halimpandikizi mtu wazo, humpa nafasi ya kulitua. Kisha mfikishe kwa mhudumu wa afya, na usimwache aende peke yake. Na kama msomaji ni wewe mwenyewe mwenye mzigo huo, mwambie mtu mmoja leo hii, kabla ya jua kuzama.

Kijana wangu alikuja kuniaga alipohitimu. Safari hiyo aliketi. Tulizungumza muda mrefu, na alipoondoka niliangalia saa nikakuta nimechelewa kipindi. Nilikwenda darasani nikawaomba radhi wanafunzi, nami sikuwaeleza sababu. Leo nimeieleza.